Miezi minane kwenye kikundi cha wanawake wenye saratani, Unguja mjini

Nilianza kwenda niliposhuka kwenye boti kutoka Dar. Titi la kushoto limeshakatwa, mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, imenimaliza nguvu, na nyumbani hakuna anayethubutu kuyataja maradhi. Wanasema "yale mambo yako". Nesi mmoja ndiye aliyeninong'oneza: kuna kikundi, kila Jumamosi baada ya alasiri, chumba cha skuli, bure.

Siku ya kwanza nilikaa mlangoni, nimejitanda mpaka kidevuni. Tulikuwa tisa mkekani. Sikusema kitu, wala hakuna aliyenilazimisha. Bi mkubwa mmoja akatoa mkobani kifuko cha kuvaa mahali pa titi, alichokishona kwa kanga kuukuu, ndani pamba na konzi ya mchele. "Bila ya mchele kitakupanda shingoni, mwanangu." Tulicheka mpaka machozi. Mie nilikuwa nikitia soksi! Cha mchele ndicho ninachovaa hadi leo, ila usikifue na mchele wake. Changu cha kwanza kilivunda.

Tusidanganyane, kasoro zipo. Saa kumi huwa kumi na moja. Siku moja alikuja muuza dawa za miti, akaachiwa aseme robo saa nzima. Na tulipofiwa na mwenzetu, Jumamosi iliyofuata tulimsomea Fatiha kisha tukaingizwa kwenye mada ya lishe, na pale alipozoea kuegemea ukuta pako patupu. Liliniudhi hilo. Wiki ya pili yake bi mkubwa wa mchele akagoma: leo hatuzungumzi mchicha. Tukakaa mpaka magharibi, nani anaogopa nini, watoto watabaki na nani. Usiku ule nililala.

Watu huniuliza kama kikundi kinarefusha umri. Mwaka 1989 David Spiegel, daktari wa Marekani, alitoa utafiti kwamba wanawake ambao saratani ya matiti imeshawaenea, wakikutana hivi, waliishi zaidi. Utafiti mkubwa zaidi wa Kanada wa 2001 haukuona hivyo. Uliona maumivu na unyonge vimepungua, hasa kwa waliokuja na dhiki nyingi. Mie ni kama hao wa Kanada. Kliniki siachi.

Nauli juu yako. Na wahi upande wa dirisha, feni ni moja.