Hyumidifaya ya elfu 45 kwenye baridi ya Arusha: huu unga mweupe unatoka wapi?

Wadau habari zenu, karibuni, niko hapa hapa Sakina na baridi ya mwezi wa saba mnaijua, watu wa Moshi mjini msijilinganishe na sisi, nyie mko chini huko. Leo mezani kuna hiki kidude mlichokiomba sana kwenye komenti, hyumidifaya, kile cha kutoa ukungu wa maji kuongeza unyevu chumbani. Kinaingia lita ngapi, kina taa za rangi ngapi, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, naruka. Kuna jambo moja tu limenikera na hilo ndio nataka mlione kwa macho yenu.

Lakini kwanza mniambie, hivi kwa nini ngozi inapauka kipindi hiki wakati nje kuna manyunyu na ukungu, nguo zenyewe hazikauki kwenye kamba? Wengi wanasema baridi. Baridi ipo, ila tatizo kubwa liko ndani, ni hita. Hewa ya baridi inabeba maji kidogo, sasa ukichukua hewa ya nyuzi 12 ukaipasha mpaka 24 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka karibu nusu, yani kama kipimo kilikuwa asilimia 80 kinasogea kwenye 40 huko, na hewa ya namna hiyo inatafuta maji popote, na ya karibu ni ya kwako wewe uliyelala, midomo, pua, koo, mikono, magaga yakiamka asubuhi yanashika shuka. Ndio maana mtu analala vizuri kabisa anaamka koo linamkwaruza anadhani ni mafua.

Haya, sasa angalieni. Mdogo wangu sogeza kamera, ndio, hapo hapo. Hii ni simu ya zamani, nimeizima, kioo cheusi, naifuta mbele yenu, safi. Naiweka hapa mbele ya huu mdomo unaotoa ukungu. Ndani nimeweka maji ya bomba ya hapa nyumbani, haya haya ya kuogea. Nawasha... naruka mbele kidogo nisiwachoshe... tumerudi. Mnaona? Napitisha kidole. Umeona huo mstari? Sogea karibu, waone, huo weupe wote. Hayo sio maji, maji yameshakauka, hiyo ni chumvichumvi iliyokuwa ndani ya maji, imeganda kwenye kioo, na kama iko kwenye kioo basi iko kwenye TV, iko kwenye shuka, na mimi niliyekaa hapa nimeivuta.

Nikwambie inavyotokea. Hizi za bei yetu zina kisahani hapa chini, hiki, kinatetemeka kwa kasi ambayo sikio halisikii, kinayavunja maji vipande vidogo vidogo kinayarusha. Hakichemshi! Maji ukiyachemsha mvuke unapanda mtupu, madini yanabaki chini, ndio yale magamba meupe kwenye birika lako. Hiki hakibakishi kitu, kinarusha maji pamoja na kila kilichomo. Na sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru maji yetu tunayajua jamani, yana floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ndugu zetu wengi wa kata ya Maji ya Chai na kule juu wamekua na meno ya kahawia sababu ya hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna visima na chemchemi vinapita hapo mbali sana. Na tafadhali usije kusema nitayachemsha kwanza, kuchemsha hakuitoi floraidi, maji yakipungua ndio inakolea. Kuitoa kuna njia zake, pale Ngurdoto kuna kituo kimefanya kazi hiyo miaka kwa kutumia mkaa wa mifupa. Sisemi utaugua leo, ila mimi sioni sababu ya kumpulizia mtoto mchanga unga wa madini usiku kucha. Hata wale EPA wa Marekani, watu wa mazingira, wanashauri uweke maji yenye madini kidogo. Kwenye hili boksi hilo halijaandikwa popote, na hapo ndipo ninapokasirika, mtu anaandika taa za rangi anaacha jambo kama hilo!

Nafuta kioo tena. Nakisuuza. Sasa naweka maji ya mvua, tuliyakinga kwenye simtanki wakati wa masika, haya nimeyachemsha kuua vijidudu nikayapoza. Nawasha, simu ile ile, pale pale... Haya. Kidole. Hamna. Kuna kaunyevu tu, nafuta kanatoka, hamna unga. Aisee! Hapa sasa moyo wangu umelainika, maana hiki kisaa cha kupimia unyevu kilikuwa 38 na sasa hivi kinasoma 47, na hita inawaka. Kikigonga 50, zima mashine, ukizidisha ukuta unaanza kutoa ukungu mweusi wa fangasi, nyumba zetu hizi wakati huu zenyewe zinapenda fangasi. Na maji usiyalaze humo, yamwage, kisuuze, kikaushe, kila siku.

Umeme usikuogopeshe. Hiki ni wati 25, masaa arobaini ndio kinamaliza yuniti moja. Anayekula LUKU ni hita, wati 2000 ni yuniti mbili kila saa, kwa hiyo kama unataka kubana, ibane hita, ipunguze ukishapanda kitandani, na ngozi nayo itapona.

Kuna ile nyingine ya kuchemsha, haina unga kabisa, nitaileta, ila ina maji ya moto na umeme inakula, mwenye watoto wanaotambaa mimi simshauri. Taulo bichi kwenye kiti mbali na hita linafanya kazi pia, tena bure. Halafu kuna mama wa Ngaramtoni aliniuliza, mwanangu, nikiweka sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa chumbani si nimepata joto na unyevu pamoja? Mama shikamoo, nakuomba sana, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, na sufuria ya maji haiipunguzi hata kidogo, watu wanalala familia nzima hawaamki. Likae nje, chumbani ingiza blanketi.

Na mafuta usiache eti umenunua mashine. Oga maji ya vuguvugu, ya moto sana yanatoa mafuta ya ngozi, sabuni ya mche iache kwa nguo, ukitoka bafuni ngozi ikiwa bado na unyevu ndio unapaka mafuta ya mgando, yanafungia yale maji ndani. Kwenye magaga paka ya kutosha, vaa soksi, lala.

Video zimehamia Alhamisi jioni jamani, Jumamosi nashinda Kilombero sokoni siwezi kuhariri.

Bei. Hapa mjini nimekipata elfu 45, mwenzangu kaagiza Kariakoo kwa 30 ukiongeza nauli ya basi ni 36, kwa hiyo ukiambiwa 60 ondoka. Kwa mwenye maji ya mvua ndani ya tangi, chukua, nakipa alama nzuri tu. Kama unategemea bomba au kisima peke yake, usinunue, chukua lile taulo, na hiyo hela nunua kisaa cha unyevu na kopo kubwa la mafuta. Niandikieni kwenye komenti mko mtaa gani na maji yenu yanaacha nini kwenye birika, Usa River, Njiro, Tengeru, nataka kujua.