Regirock: jiwe lililonitoa jasho

Pokémon Ruby, mchezo wa video wa kukamata viumbe uliotoka Japani 2002, niliupata mtumba, na Regirock, kiumbe wa mwamba, ndiye aliyeninyima usingizi. Kwanza unazamia baharini ukiwa na viumbe wawili, Relicanth na Wailord, unasoma nukta nundu ukutani. Mimi nilijaza karatasi ya daftari nikihesabu vitone, mke wangu akidhani napiga hesabu za kikoba! Kisha jangwani: hatua mbili kulia, mbili chini, unatumia Strength, uwezo wa kusukuma mawe makubwa, mlango huo. Yumo, amenyamaza, uso wote vitone, hana hata macho ya kukutazama. Ultra Ball 27, yaani mipira ya kumkamatia, zilikwenda na maji.

Alama zake za ulinzi ni 200, ngumi za kawaida hazisikii. Ila kasi ni 50, na kiumbe wa maji akimwahi, kazi kwisha. Bado simbadilishi na mtu.