"Fungua tu umwage kwenye chai": uzoefu wangu na kapsuli za sonona

Naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo nikirukaruka mnivumilie. Mwanzo nilipanga nizipe hizi kapsuli nyota moja, tena ya kuonewa huruma, baadae nikasema hapana kosa sio lao, kosa ni la yule kijana wa famasia, sasa hivi hata sielewi, ntaamua nikifika huko chini.

Iko hivi. Mimi nina sonona, yaani depression. Sio mawazo ya kodi, sio kuachwa na mtu, sonona yenyewe, niliambiwa kliniki kipindi cha masika, daktari akanianzishia dawa inaitwa duloksetini, ya miligramu 30 baadae akapandisha 60. Sasa mimi tangu mtoto sijawahi kumeza dawa bila vita. Mama alikua ananisagia klorokwini kwenye kijiko anachanganya na sukari mpaka nafika darasa la sita, na bado narudisha yote kwenye gauni lake.

Na kapsuli ni mbaya kuliko kidonge, msinibishie. Kidonge kinazama, kapsuli inaelea. Unatupa kichwa nyuma kama kuku anakunywa maji, maji yanashuka, yenyewe imebaki juu ya ulimi imetulia. Unarudia. Mara ya pili ganda limeshalowa linanata kama gundi ya bahasha, mara ya tatu imekwama hapa katikati ya kifua, unakula ndizi, unakula tonge la ugali mkavu, unaruka ruka jikoni kama mwehu, bado unaisikia ipo. Siku kama hizo nilikua nachelewa kazini kwa sababu ya kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe.

Nina shoga yangu anatumia fluoksetini, ile watu wengi wanaijua kama Prozac, yeye anafungua kapsuli anamwaga kwenye maji nusu glasi anakoroga anakunywa, maisha yanaendelea. Nikasema kumbe! Lakini sikukurupuka jamani, nilisema ngoja niulize wataalamu. NIKAULIZA. Hilo naomba mlishike maana kuna watu watakuja kuniambia ungeuliza.

Nikaenda famasia ya mtaani kwetu, siitaji, iko karibu na kituo cha daladala, ina feni moja na friji la soda. Kaunta kuna kijana, koti jeupe, simu imeegeshwa kwenye boksi la glavu anaangalia mpira. Nikamsalimia, nikampa cheti, nikamwambia kaka naomba za mwezi mzima alafu nina swali. Akachukua boksi, akasoma, akaniangalia, akasoma tena, alafu kwa sauti ya mtu anayeuza mitumba akasema, "Aah, hizi si za wale wagonjwa wa akili?"

Nyuma yangu kulikua na mama mmoja na mtoto anasubiri dawa ya kikohozi. Akamvuta mtoto. Sio kwa nguvu, kidogo tu, kama unavyomvuta mtoto kuna bodaboda inapita. Hiyo picha mpaka leo nikilala naiona.

Nikajikaza. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, kaka hizi kapsuli zinanisumbua kumeza, naweza kufungua? Yule bwana hakunyanyua macho kwenye simu. "Fungua tu umwage kwenye chai sista, kinachofanya kazi ni dawa, ganda ni plastiki tu." Ndani ya sekunde mbili. Hakugeuza boksi, hakusoma karatasi. Na kibaya zaidi akakata zile stripu akanitilia kwenye kibahasha cha kaki, akaandika 1x1 na peni inayokaribia kuisha wino, boksi na ile karatasi ya maelezo akabaki navyo yeye. Ile karatasi, nimekuja kuisoma baadae, imeandikwa meza nzima, usifungue, usitafune, usisage. Imeandikwa! Alibaki nayo yeye mwenye koti!

Basi nikarudi home nikamtii. Chai ya maziwa ya moto, tangawizi, sukari vijiko vitatu. Nikavuta ile kapsuli ikaachia pande mbili, nilitegemea unga kama wa shoga yangu, zikamwagika punje punje, nyeupe, ndogo kama mbegu za mchicha ila zimeviringika vizuri. Nyingine zikaenda chini nyingine zikashika kwenye utando wa maziwa. Nikakoroga. Nikaona haziyeyuki, nikazibonyeza na kijiko kwenye ukuta wa kikombe mpaka nasikia kri, kri, kri. Nilijiona fundi kweli. Kuna zilizobaki mdomoni nikazitafuna kama semsem, uchungu wake jamani, ulimi ukakaa kama umelamba betri.

Nikafanya hivyo wiki mbili hivi, labda zaidi kidogo.

Siku za mwanzo kiungulia na kichefuchefu, nikadhani labda ni tangawizi, nikapunguza tangawizi (mtu akiamua kujidanganya hakosi njia). Alafu ikaja ile nyingine. Wale waliowahi kukosa dozi za dawa hizi wananielewa, kichwa kinapiga shoti. Unageuza macho kuangalia daladala, tzz, kama waya umegusana ndani ya ubongo. Kizunguzungu, jasho, kulia kwa kitu cha ajabu, nililia kwa sababu kondakta aliniita mama mkubwa. Na ule uzito wa asubuhi nilioanza kuusahau ukarudi ukakaa kitandani na mimi kama mpangaji wa zamani aliyerudi na funguo zake. Mimi nikajua dawa imegoma. Ndo hapo nilipoandika kichwani ile review ya nyota moja, dawa gani hii, pesa yote ile.

Kilichoniokoa ni kwenda mjini kwa shughuli nyingine. Nikapita famasia moja pale, nayo siitaji japo hii naisifia, kuna mama mtu mzima, miwani ya kamba. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, sema. Nikaeleza. Nilipofika kwenye chai ya maziwa akavua miwani.

Hakunigombeza. Akaniambia lete moja. Nikatoa kapsuli moja kwenye kibahasha, roho inauma maana bei yake naijua, akaifungua juu ya karatasi nyeupe zikatawanyika zile punje. Akachukua kifuniko cha chupa akaweka maji na ndimu, kingine akakiweka maziwa ya kwenye chai yake mwenyewe, akagawa punje huku na huku, akasema tukae tupige stori. Tukapiga stori. Baada ya muda akaniambia angalia. Kwenye ndimu punje zimekaa vile vile ngumu zinagonga gonga kifuniko. Kwenye maziwa zimelainika, akigusa na ncha ya peni zinasambaa zinakua uji uji.

"Umeona? Kila punje hapo imevaa koti lake. Hii dawa ikikutana na asidi ya tumbo inaharibika, ndo maana wameivisha, koti linavumilia tumboni kwenye ukali linakuja kuyeyuka utumbo mdogo ambako ukali umepungua. Wewe koti umelivua kwenye kikombe, zingine umezisaga na kijiko. Umezipeleka tumboni uchi mwanangu." Nikacheka nikiwa nataka kulia. Akasema hata zile omeprazoli za vidonda vya tumbo ziko hivyo hivyo, ukifungua unakuta punje, na watu wanazitafuna kila siku alafu wanasema vidonda vimekua sugu.

Kwahiyo wanaouliza kapsuli inafunguliwa au haifunguliwi, swali lenyewe limekaa vibaya. Inategemea ndani kuna nini. Fluoksetini ya kawaida ya 20 ndani ni unga mtupu hauna koti, ndo maana shoga yangu anakoroga kwenye maji na yuko salama, tena ipo mpaka ya maji maji kama sirapu. Venlafaksini, nayo ya sonona, ile ya kutoa dawa taratibu, maelekezo yake yanaruhusu kufungua ukanyunyizia punje kwenye kijiko cha tufaha lililopondwa ukameza hapo hapo bila kutafuna, ila kuitia kwenye maji au kuisaga ni marufuku, ukisaga dozi ya siku nzima inakuingia kwa mkupuo. Duloksetini hii yangu, kapsuli ya kawaida, hapana. Yaani magonjwa yale yale, makapsuli yanafanana, na kila moja na tabia zake, alafu mtu anakujibu bila kuangalia boksi.

Na kilichonichoma zaidi, mama akaniambia Marekani mwaka 2019 walipitisha duloksetini iliyotengenezwa makusudi ifunguliwe, unanyunyizia kwenye tufaha unameza. Ipo! Kuna binadamu walikaa wakafikiria watu wa koo kama langu. Mimi huku nasaga na kijiko cha chai.

Nikamuuliza sasa mama nafanyaje, mi kumeza siwezi. Akanipa maji kikombe kizima akasema kunywa funda moja kwanza, koo lilowane. Weka kapsuli juu ya ulimi. Kunywa maji, usimeze. Sasa usitupe kichwa nyuma, INAMA, kidevu kifuani kama unasoma ujumbe kwenye simu, alafu meza. Nikamwangalia kama ananitania. Akasema si unasema inaelea? Ukitupa kichwa nyuma inaelea inakuja mbele kwenye meno, ukiinama inaelea inakwenda nyuma kooni yenyewe. Anasema wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, waliijaribu kwa watu wakaiandika mwaka 2014. Nikainama. Nikameza.

Haipo. Nikapapasa ulimi, haipo. Nikafungua mdomo kumwonyesha kama mtoto wa kliniki. Miaka thelathini na kitu mimi naruka ruka jikoni na tonge la ugali, kumbe ilikua kuinamisha kichwa!! Nikapata hasira upya. Daktari hakuniambia, nesi hakuniambia, mama yangu mzazi na klorokwini yake hakuniambia (yeye namsamehe, na klorokwini haikua kapsuli). Mama mfamasia akanikumbusha tu nimeze nimekaa au nimesimama, maji ya kutosha, nisilale papo hapo, na nimpigie daktari wangu nimweleze ukweli wa zile wiki mbili, nisijiongezee wala kuacha mwenyewe. Akaniandikia namba yake nyuma ya risiti. Daktari nilimpigia, akaguna kwa muda mrefu, akasema endelea kama ulivyoandikiwa na njoo nikuone.

Sasa hivi nameza kila asubuhi nimeinama kama naomba dua. Shoti zilikata, uzito umepungua, sio umeisha, umepungua. Kwahiyo kapsuli zenyewe nyota nne. Tatu na nusu, maana bado ni kubwa. Dawa ni nzuri jamani, nilikua naitukana bure. Ile famasia ya mtaani sifuri, sifuri ya mkaa, nilisema sikanyagi tena pale mpaka nazikwa.

Nilikanyaga juzi. Usiku, kichwa kinauma, kila sehemu imefungwa, pale pana taa. Kijana yule yule, koti lile lile. Mbele yangu kuna mzee wa makamo ya baba yangu, kanzu, fimbo, ameshika kapsuli ya rangi mbili mkononi anauliza kama anaweza kuifungua maana koo linamsumbua. Na mimi namsikia yule kijana anasema, "Fungua tu mzee wangu, changanya na maji kidogo."

Sikujizuia. Nilipiga kelele mpaka bodaboda nje wakachungulia. Mzee usifungue! Huyu atakuua huyu! Nikatoa hotuba, punje, koti, asidi, utumbo mdogo, Heidelberg, yote. Mzee amenikodolea macho. Kijana anajaribu kusema, "Dada, hii ni…" namkata. Nikasema subiri, nikampigia mama wa miwani, usiku ule, nikaweka spika nimuaibishe mbele za watu.

Mama akapokea na usingizi. Akauliza dawa gani. Nikamgeukia mzee, mzee akamgeukia kijana, kijana akanyanyua boksi, na safari hii boksi alikua amelishika muda wote, karatasi ya maelezo imekunjuliwa pale kaunta.

"Amoksilini," akasema.

"Ya kapsuli?" sauti ya mama ikajaa duka zima. "Hiyo ni unga mwanangu. Mwache mzee wa watu afungue, uchungu tu ndo utamkera."

Mzee akasema ahsante binti kwa kujali, akachukua dawa zake akaondoka. Kijana akanirudishia chenji bila kuniangalia, na mimi nikatoka haraka haraka, nimefika nyumbani ndo nakumbuka panadol nimeiacha kaunta.