Tairi la ranflati linavuja polepole: nunua kiraka chenye mkia, achana na kamba

Malalamiko ya wenye BMW Z4 zilizoshuka kutoka Japani, zenye matairi ya ranflati, yaani ya ubavu mgumu unaobeba gari kwa muda hata upepo ukiisha, yanafanana: tairi limezibwa Jumamosi, Alhamisi taa ya upepo imewaka tena. Likivuliwa kwenye rimu, mara nyingi kinachoonekana ni kamba ya mpira iliyochomekwa kwa nje. Mwenye gari alilipia kiraka, akapewa kamba.

Dukani kila mtu huuliza bei na kama kitashika. Maji hayaulizwi. Kamba haifuniki utando wa ndani unaozuia upepo, na mvua hupenya kandokando yake hadi kwenye nyaya za chuma zilizo chini ya uso wa tairi. Nyaya zikishika kutu, mpira huanza kuachana nazo. Kiraka bapa peke yake kina kasoro hiyohiyo kwa upande wa pili: ndani kimefunga, nje tundu liko wazi.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa Minicombi ya Rema Tip Top ya Ujerumani, bila kusita. Ni kiraka na mkia kwa pamoja, umbo la uyoga, chenye tabaka la buluu linaloungana na mpira wa tairi. Saizi ya A 4.5 ni ya tundu la hadi milimita 4.5, A 6 ni ya milimita 6. Zaidi ya hapo usizibe, na ubavuni usizibe kamwe. Nunua pamoja na keekee ya kipenyo hichohicho. Mkia mwembamba kuliko tundu huacha njia ya maji, na hapo umerudi kwenye kamba.

Fundi atoboe kutokea ndani kwa kufuata mwelekeo wa msumari, asugue utando bila kufikia nyuzi, apake gundi, asubiri dakika 3 hadi 5 mpaka inate bila kulowesha kidole. Avute mkia, akandamize kiraka kwa roli kutoka katikati kwenda pembeni, kisha akate mkia milimita 3 juu ya uso bila kuuvuta. Tundu lililolala kwa zaidi ya digrii 25 linahitaji kizibo cha mpira na kiraka tofauti. Hapo uyoga haufai.

Uyoga wa kampuni nyingine ni wa pili, mradi kipimo cha mkia kimeandikwa. Kamba ni ya kukufikisha nyumbani. Dawa ya kumimina kupitia vali iwe ya mwisho kabisa: huchafua utando na kumtesa fundi kusafisha.

Ila kabla ya kununua chochote, paka maji ya sabuni kwenye vali na pale tairi linapokutana na rimu. Mapovu yakitoka kwenye vali, badilisha moyo wa vali, umemaliza. Yakitoka ukingoni, rimu ya alumini imeshika ukungu wa kutu, inasuguliwa, haizibwi.

Tairi likivuliwa, angalia ndani. Ukikuta ungaunga mweusi wa mpira au mviringo uliosuguka ubavuni, lilitembea bila upepo na halifai tena, hata tundu liwe dogo kama sindano. Watengenezaji wengine hawaruhusu kabisa kuziba ranflati, basi soma masharti ya tairi lako. Na lisivuliwe kwa mtaimbo: ubavu huu ni mgumu, ukingo hupasuka. Tafuta mashine yenye mkono wa kusaidia.

Kinachoudhi ni wauzaji. Mmoja anaapa ranflati haizibiki ili akuuzie jipya, na hilo jipya ubavuni lina tarakimu 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwingine anakuuzia uyoga mzuri pamoja na kopo la gundi iliyopitwa na wakati, ambayo haitashika hata ukikandamiza siku nzima. Geuza kopo usome tarehe kabla hujatoa pesa mfukoni.