Siti ya boda: kuvalisha upya ya zamani au kuunda mpya?

Kama ndo unaanza, mi nasema baki na kitako cha zamani cha pikipiki yako ya Boxer, lile bamba la plastiki chini ya siti, maana ndoano na matundu ya bolti yashakaa sawa, we unang'oa pini, unachonga sponji kwa kisu chenye makali, unavuta reksini mpya (ngozi bandia ya kufunikia) kuanzia katikati kwenda pembeni huku unapiga stepla isije ikakunjamana, basi. Sponji laini ya godoro usiiguse lakini, ukipakia abiria inalala chini yote.

Kuunda kitako cha faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, kunakupa umbo lako mwenyewe, sawa, ila resini inanuka balaa, inataka barakoa na sehemu yenye hewa, halafu mabano ya kushikia siti labda ukachomelewe Katwe, kwa mafundi chuma wa Kampala. Plaiwudi ni rahisi zaidi, ila mvua za Kampala zitaivimbisha.