Visu vya Samaki kutoka Nchi Ndogo: Tazama Mpini Kwanza

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa akina mama wanaopara samaki Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, na kutoka kwa wapishi wa nyumbani wa Nyegezi na Igoma, yanafanana mno: kisu kimeoshwa kwa sabuni na ndimu, kimeanikwa juani, na bado kinanuka sangara wa juzi. Wengi wao wanakilaumu chuma. Mimi naulaumu mpini, hasa ule mstari mwembamba ambapo bapa huingia ndani yake, mahali ambapo muuzaji haonyeshi na mnunuzi haulizi.

Ukali sitauzungumzia, kwa kuwa kisu chochote cha maana hunoleka. Upenyo wa mpini hauna tupa ya kuutibu. Mbao huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, ilhali chuma hakibadiliki nayo, kwa hiyo baada ya muda hubaki nafasi kati yao, na mafuta ya sangara pamoja na damu huingia humo na kuoza mahali ambapo brashi haifiki. Viwanda vya minofu vya hapa Mwanza vililijua jambo hili mapema, hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, kwani soko lile hutaka kila kinachogusa samaki kiwe laini na rahisi kusafishwa. Jikoni kwetu bado tunanunua mbao kwa sababu inapendeza.

Nafasi ya kwanza naipa Victorinox ya Uswisi, na upendeleo wangu siufichi. Inashangaza kidogo kwamba kisu bora cha samaki kinatoka katika nchi isiyopakana na bahari yoyote, yenye kilomita za mraba 41,000 na ushei, ambayo yote ingetoshea ndani ya ziwa letu lenye takriban 68,800. Kiwanda hicho kilianza mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, na watu wengi wanakijua kwa visu vya kukunja vya mfukoni. Lakini ninachokisifia hapa ni visu vya jikoni vya mpini mweusi unaoitwa Fibrox. Mpini huo ni wa plastiki iliyomiminwa kuzunguka mkia wa chuma, hauna ribiti wala vipande viwili vilivyogundishwa, na hautelezi mkono ukiwa na utelezi wa samaki. Kwa sangara chukua kile chembamba kinachopinda, kwa sababu kinalala juu ya mfupa na hakiachi nyama, na kwa kuwa anayetoa bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, anahitaji kisu kinachotii mkono: bondo likitoboka, bei yake inashuka papo hapo. Kwa sato na vichwa vya supu, chukua kigumu na kifupi zaidi.

Ya pili ni Mora, kutoka mji wa Mora nchini Sweden, ambako viwanda vya visu vipo tangu karne ya 19. Mipini yao ya plastiki imeshika chuma vizuri, na visu vyao vingi ni nafuu kuliko vya Uswisi. Kinachoniudhi ni kwamba baadhi yake vina mpini wa plastiki ngumu iliyofunikwa kwa mpira laini, hivyo panakuwa na kiungo kingine tena cha kukusanya uchafu, na vingi huja na ala ya plastiki ambamo watu hurudisha kisu kikiwa bado kibichi. Ukinunua Mora, ala iache safarini tu.

Marttiini ya Ufini, iliyoanzishwa Rovaniemi mwaka 1928, ina visu vya minofu vizuri kuliko vyote kwa macho, vyenye mpini wa mbao ya birchi na ala ya ngozi. Mpelekee zawadi mjomba anayevua kwa ndoana siku za mapumziko. Kwa anayepara samaki kila siku, nimeshasema kuhusu mbao.

Visu vya bei ya chini visivyo na jina, pamoja na vile vinavyofuliwa kwa springi za magari, vinakata, navyo vinakidhi haja ya leo.

Sasa wauzaji. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha kwenye kiungo cha bapa na mpini, ukinasa, kiache. Ukifika nyumbani, kitumbukize kiungo hicho katika maji ya moto: vikitoka viputo, ndani mna uwazi. Lakini duka moja la katikati ya mji lilinikatalia kufungua kifungashio, kana kwamba naomba kukila, na pembeni ya kaunta palikuwa na visu vyenye msalaba mweupe kwenye mpini na hakuna jina la kiwanda popote kwenye bapa. Victorinox halisi ina jina lake ubavuni mwa bapa. Bei nayo inapanda kila inapobadili mikono kutoka Kariakoo hadi Mwanza, kisha unaambiwa kwamba ukihitaji risiti utaongezewa asilimia 18 ya VAT. Mimi huidai risiti hata kama wananung'unika, kwa sababu mpini ukilegea baada ya mwezi, hiyo ndiyo karatasi pekee ninayoweza kurudi nayo dukani.