Gemu ya jahazi: tamu mpaka Unguja, halafu mwenyewe akanitukana

"Boss, ni soo na finje tu. Ulitarajia nini?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na mwenye gemu ya simu ya kuendesha jahazi; soo na finje ni shilingi 150, bei yake. Yeye mwenyewe, kijana anayesema ameitengeneza peke yake huko Nairobi, tena chini ya maoni yangu Play Store, mbele ya watu. Nilikuwa nimemwandikia vizuri kabisa. Nilianza na hongera, nikamweleza kasoro moja. Moja tu! Akanijibu kama mtu aliyeombwa sadaka mara ya tatu. Jina la gemu silitaji, sitaki kumfanyia matangazo ya bure. Wanaoijua wameshaijua.

Sifa zake nazitoa kwanza, haki ya mtu hainyimwi. Unapewa jahazi hapa Lamu, mabaharia wachache na shehena ya boriti, unangoja upepo wa kusi ndipo ung'oe nanga kwenda Maskati. Huko unauza, unapakia tende, unangoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikurudishe. Ukikosea msimu umekwama bandarini, na mabaharia wanataka kula kila siku. Hakuna matangazo ya kukatiza safari, hakuna almasi za kununua. Kwa shilingi 150 niliona nimeokota.

Kilichonimaliza ni kupiga bisho, yaani kwenda kwa kukata kushoto na kulia dhidi ya upepo. Umerudi na kaskazi nyuma yako, raha mustarehe, umeshakizunguka kisiwa cha Manda, sasa unataka kuingia mlango wa Shela, njia ya maji ya kufikia Lamu, na upepo ule ule uliokubeba unakukalia usoni. Kidole kimoja usukani, kingine kinalegeza demani, kamba ya tanga. Ukichelewa kupindua foromali, mti unaobeba tanga, tanga linapigapiga, chombo kinakufa mwendo, maji yanaanza kujaa ngamani, chini kabisa ya chombo, na vibaharia vidogo vinayakumba kwa ndoo, kimoja kinasimama kukutazama. Kile kinachosimama kinanichekesha hadi leo.

Jioni moja barazani Langoni nilimpa ami yangu simu. Ami ameendesha majahazi miaka mingi kabla ya magoti kumkataza. Alienda mrama, akalilaani dole gumba lake, akagonga fungu, akaanza tena bila kuniuliza kama nataka simu yangu. Mwisho akapita. "Huyu kijana ameuliza watu," akasema. Kwa ami hiyo ni sifa kubwa, mimi mwenyewe sijawahi kuipata.

Basi nikaendelea mpaka Unguja, na Unguja ndiko upepo ulikofia.

Unapakia karafuu, inakuja picha nzuri ya Forodhani, unaambiwa rudi Lamu. Ramani inaonyesha kaskazi bado inavuma. Nikajua hapa nasubiri msimu ugeuke, nikanunua mchele na maji ya kuwatosha mabaharia. Kumbe wapi! Nikaelekeza omo, mbele ya chombo, kaskazini kwa majaribio tu, upepo usoni kabisa, na jahazi likaenda. Tanga limetuna upande usiowezekana, na kasi ni ile ile. Nikageuza kushoto, kulia, nikalizungusha lote. Kasi ile ile. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa gemu unagusa jina la bandari, unasubiri, unauza, unagusa jingine. Nilimwonyesha ami. Aliangalia kitambo, kisha akaniuliza kwa upole: "Chombo hiki kimetiwa mashine?"

Hiyo ndiyo kasoro niliyoandika. Kufika Unguja kunataka muda, na Play Store hukuruhusu kuomba fedha zako ndani ya saa 48 tangu ununue. Zangu zilishapita zamani. Sisemi amepanga iwe hivyo. Lakini baada ya lile jibu lake, siku nyingine nasema.

Sasa hili la bei, maana ndilo analojifichia. Najua 150 si kitu kwake. Kwa mtengenezaji mdogo, ambaye hajafika dola milioni moja kwa mwaka, duka linakata asilimia 15, kwa hiyo anabaki na 127.50 hata kodi haijaguswa. Anachora mwenyewe, anaandika programu mwenyewe, anajibu wateja mwenyewe (vibaya). Na woga wa kupandisha bei ninauelewa pia. Mwaka 2014 ilitoka Threes, gemu ya kusukuma namba kwenye vyumba 16, waliyoikalia zaidi ya mwaka mzima wakiinyoosha, ikiuzwa chini ya dola 2. Haikupita miezi miwili, kijana mmoja wa Italia akatoa 2048, ya namna ile ile, aliyoiunda wikendi moja, tena bure. Dunia nzima ikacheza ya bure. Mtu akiona hayo lazima atetemeke akiandika bei.

Lakini nani alimwomba Unguja? Hapo ndipo ninapokasirika. Angetuuzia Lamu na Maskati tu, upepo wa kweli mwanzo mwisho, ningelipa hizo hizo 150 na nisingefungua mdomo. Nenda uwanja wa Mkunguni hapa Lamu jioni uone wazee na bao: mashimo 32, kete 64, hakuna bandari mpya, hakuna ramani ya kufungua, na mtu anaisahau chai yake ikapoa akiwaza ale kete za mwenzake au asogeze zake tu. Yeye alitaka ramani ndefu ipendeze kwenye picha za dukani. Akanyoosha uji kwa maji.

Na asiniambie mtu mmoja hawezi. Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, ameitengeneza Eric Barone peke yake, zaidi ya miaka minne, ikatoka 2016 na kufika Android 2019. Leo kwenye simu ni karibu dola 5, zaidi ya mara nne ya hii, sawa, lakini ukilima mwaka wa tano bado majira yanakubana kama mwaka wa kwanza: zao la kiangazi ukilichelewesha linakufa shambani. Hakuna mahali sheria za shamba zinaaga zinakwenda zake.

Unaniuliza nilitarajia nini? Nilitarajia upepo, bwana. Ulikuwa nao. Uliuweka mwenyewe, ukamfurahisha nahodha mzima, kisha ukauzima katikati ya safari na ukaniita boss.

Nilimpa nyota moja. Halafu usiku mmoja stima ikapotea mji mzima, nikajikuta nimeanza safari mpya, niko mlango wa Shela napigana na foromali gizani, nacheka peke yangu. Asubuhi nikapandisha tatu. Kwa hiyo nunueni, nasema kweli, nenda Maskati urudi, ukifika Unguja funga. Nusu yake nzuri inazishinda nyingi za bure zilizojaa matangazo, na kwa hiyo nusu pekee 150 ni kama kumwibia. Nne ningempa, kama asingejua kuandika.

Akiurudisha upepo kusini huko, niko tayari kulipa 500 na kumtangazia barazani kote. Akinijibu tena vile, narudisha ile moja usiku huo huo.